Filta ya kati kwenye lenzi ya 75: uzoefu wangu

Nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ndizo zilizonisukuma kununua filta ya kati. Nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko na kamera ya inchi 4 kwa 5, Schneider Super-Angulon ya milimita 75 f/5.6, na filamu ya slaidi, Velvia 50. Ndani ya ule upande wenye kuba nguzo zimesongamana, huna pa kurudi nyuma, kwa hiyo bila lenzi pana hupati kitu. Slaidi ziliporudi kutoka kusafishwa, katikati palikuwa safi kabisa, lakini nguzo za pembeni zilikuwa nyeusi ti. Vitundu vya matumbawe na chokaa iliyobanduka, vitu nilivyovifuata kule, havikuwepo.

Lenzi haikuwa na kosa. Mwanga unaokwenda kwenye kona za filamu husafiri mbali zaidi na hutua kwa mshazari, basi hufika umetandazwa na kupungua. Ukipiga hesabu ya kosaini ya pembe ya mwanga huo kwa kipeo cha 4, milimita 75 kwenye filamu hii hupoteza stopu 2 hivi konani (kila stopu ni kupungua kwa mwanga kwa nusu). Lenzi za muundo huu, uliotokana na kazi ya Mrusi Mikhail Rusinov, huipunguza hasara hiyo hadi kama stopu moja na nusu. Hiyo moja na nusu inayobaki inatosha kuharibu slaidi.

Filta ya kati ni kioo cha kijivu kilichokolea katikati na kupauka taratibu hadi ukingoni, ambako hakina rangi. Haiongezi mwanga wa kona, inapunguza wa katikati ili vilingane. Yangu ni ya Schneider, inafungwa kwenye uzi wa skrubu wa milimita 67 mbele ya lenzi, na mbele imetanuka hadi 86 ili ukingo wake usiingie kwenye picha. Niliipata ikiwa imeshatumika, na bado bei yake ilikaribia ile niliyolipa kwa lenzi yenyewe. Iliniuma.

Siku za kwanza niliitumia vibaya. Niliijaribu nyumbani kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kwa f/8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi), na kona zikabaki na giza. Nikadhani nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe tundu likiwa wazi sana, mwanga wa kila sehemu ya picha hupita kwenye eneo kubwa la filta, zito na jepesi vikachanganyika, tena kingo za lenzi zenyewe huwa bado zinakata mwanga wa pembeni. Nilipobana hadi f/22, ukuta ulitoka sawasawa kutoka kona hadi kona. Sasa sipigi kwa chini ya f/16 filta ikiwa juu.

Gharama yake kubwa ni muda. Stopu moja na nusu maana yake unazidisha muda kwa karibu 3. Safari ya pili Kilwa, nikiwa na FP4 Plus, filamu ya negativu nyeusi na nyeupe, mita ya mwanga ilinipa sekunde 2 kwa f/22. Kwa filta zikawa 6, na kwa kuwa filamu hiyo huzubaa muda ukirefuka, niliiachia 10. Kuta hazitikisiki, lakini majani yaliyoonekana nje yalitoka kama moshi. Kufokasi nako fanya kabla ya kuifunga: ikiwa juu, f/5.6 yako inakuwa kama f/9.5, na kioo cha nyuma ya kamera unachotazamia picha, kilichokuwa na giza tangu mwanzo, kinakuwa usiku.

Kuna watakaosema kona zinarekebishika kwenye kompyuta. Kwa negativu, kweli kwa kiasi fulani: unaongeza stopu moja na nusu bila filta, kona zinapata chakula chake, katikati panazidi uzito, kisha unasawazisha baadaye. Lakini pale msikitini katikati ya fremu ndipo penye uwazi unaoingiza jua. Kupazidishia mwanga mahali hapo ni kupaunguza, na kwa slaidi ndiyo kabisa, hakirudi kitu.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni kuinua lenzi. Ili kuba ziingie bila nguzo kuinama, nainua ubao wa lenzi, kamera inabaki wima. Duara la picha la lenzi hii, yaani eneo inalolimulika, lina kipenyo cha milimita 198, kwa hiyo nafasi ipo, ila kona mbili za juu za picha huzama gizani kuliko za chini. Kompyuta haijui umeinua kiasi gani, ni lazima ukisie. Filta imefungwa kwenye lenzi na inahama nayo, hivyo giza linasawazishwa palepale lilipo.

Naifunga pia kwenye Super-Angulon yangu ya milimita 90 f/8, maana uzi ni uleule, lakini mara chache: nikipiga ukuta mtupu mweupe, au nikiinua lenzi sana. Mwenye 90 peke yake na negativu za rangi nyeusi na nyeupe, pesa hizo namshauri anunulie filamu. Mwenye 75 au fupi zaidi, anayepiga slaidi, aitafute. Kabla ya kulipa, iweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha: kijivu kipauke sawa pande zote, kisiegemee upande mmoja, na hasa kusiwe na mkwaruzo. Pia ulizia kifuniko cha 86, kwa sababu kile cha lenzi hakitaingia tena. Mimi hadi leo naifunika kwa kipande cha kanga.