Dashibodi Isiyo na Makuu: Ndani ya Toyota Probox

Assalaam alaykum watazamaji. Gari iliyo mbele yetu ni Toyota Probox ya petroli, lile umbo lililotoka Japani Septemba 2014. Injini tunaiacha leo. Tunakaa kiti cha dereva tuangalie dashibodi tu, maana anayetafuta gari ya kazi Unguja au Pemba ni vigumu kupata dashibodi nzuri kuliko hii, na watu wanaipita wakisema imekaa kimasikini.

Tazameni. Saa kubwa ya spidi nyuma ya sukani. Redio katikati. Swichi tatu za kuzungusha: nguvu ya feni, baridi na joto, na upande wa kupelekea hewa. Basi. Hakuna mbao ya kuigiza, hakuna ile plastiki nyeusi ya kung'aa ambayo ukishaifuta vumbi la kifusi mara mbili tatu inabaki mikwaruzo.

Ukienda kuangalia gari yoyote, fanya jaribio hili. Gari imesimama, funga macho, kisha tafuta kwa mkono indiketa, waipa, hazadi, honi na feni. Humu ndani kila kitu mkono unakipata. Swichi ya kuzungusha ina ukingo, na ukiihesabu inavyogonga unajua feni iko namba ngapi bila kuitazama. Kioo cha kugusa ni bapa, lazima jicho lishuke. Kwa spidi ya 50, sekunde 2 za kutazama chini ni meta 28. Fikirini meta 28 pale Mwanakwerekwe watoto wanapotoka skuli, bodaboda kushoto, gari ya ng'ombe mbele.

Jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili mwaka 2022 kwa spidi ya 110. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kawaida, dereva alimaliza kazi nne kwa sekunde 10, gari ikiwa imekwenda meta 306. MG Marvel R yenye skrini kubwa ilichukua sekunde 44.9, meta 1,372. Ndiyo maana Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka indiketa, hazadi, waipa na honi ziwe na swichi zake za kushika ili gari ipate nyota tano.

Turudi kwenye Probox. Hapa pana nafasi ya simu, karibu na saa ya spidi, kwa hiyo jicho haliendi mbali na barabara. Pima simu yako pamoja na kava lake kabla hujaisifu. Hapa panakaa paketi ya kinywaji ya lita moja. Na hii meza ya kuvuta, kwa mtu anayepeleka mizigo ya maduka na kuandika risiti ndani ya gari, ni ofisi kamili. Kila kilichowekwa kina kazi.

Sasa kasoro. Plastiki ni ngumu, na kwenye barabara ya mashimo italia. Redio za Japani nyingi, upande wa FM, zinaanzia 76 na kuishia 90 au 95, wakati stesheni zetu zinafika 108. Fundi atakufungia bendi ekspanda, kidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha namba za stesheni. Ikiwa ni ya kushusha 20, stesheni ya 98 utaisikia kwenye 78, lakini zile zilizo chini ya 96 utazikosa. Mimi nakushauri ubadilishe redio nzima. Angalia upana: redio nyingi za madukani ni milimita 180, tundu la Toyota za Japani mara nyingi ni 200, kwa hiyo dai vile vipande vya pembeni vya milimita 10 kila upande, la sivyo utabaki na mwanya wa vumbi. Na hilo bado ni jepesi. Gari yenye skrini ya ramani ya Kijapani, siku ukitoa betri, mara nyingi skrini hiyo haifanyi kazi tena mpaka uingize namba ya siri.

Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu na nyingine zimekufa, usikubali kuuziwa mota. Kwa kawaida ni rezista ya feni, kile kidude kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini, na kwenye Toyota nyingi inafikiwa kwa kutoa droo iliyo mbele ya abiria. Lakini mwambie fundi aisafishe mota pia. Mota iliyojaa uchafu inavuta umeme mwingi na itaunguza rezista mpya. Soketi ikiwa na kutu ya hewa ya bahari, isuguliwe kwanza.

Na tafadhalini, msiifunike kwa zulia la manyoya wala kuipaka mafuta ya kung'arisha. Mafuta yanarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele, jua la alasiri linakupofusha. Kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni kinatosha. Zulia nalo linaziba matundu ya hewa chini ya kioo, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria inafumukia hapo hapo. Masika kioo kikipiga ukungu, matundu hayo ndiyo mkombozi: washa AC, elekeza hewa kiooni, fungua hewa ya nje, feni namba 3.