Banda la ng'ombe Nane Nane: chai, glavu na kilo 512

Nilikwenda maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, kwa nia moja tu, kuulizia bei ya mashine ya kukatakata majani. Lakini baridi ya Uyole mwezi wa nane mnaijua. Nikafuata harufu ya chai ya maziwa, nikajikuta ndani ya banda la wafugaji wadogo.

Hawa jamaa wana akili. Mlangoni wametundika glavu ya mpira iliyojaa maji meupe, vidole vimetobolewa kwa sindano, watoto wanajifunza kukamua. Mjukuu wangu alikamua mpaka mkono wa sweta ukalowa, ndipo akaruhusiwa kumshika ng'ombe mwenyewe, Friesian mpole anayeitwa Sikujua. Ukutani kuna kibao kinachosema tumbo lake lina vyumba vinne. Mzee mmoja alibisha hadi akaitwa muuza nyama choma wa jirani kuthibitisha.

Kilichoninasa hasa ni mchezo wa uzito. Unakadiria kwa macho, unaandika kwenye karatasi, saa kumi jioni ng'ombe anazungushiwa utepe wa kukadiria uzito kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Niliandika 430. Utepe ukasema 512! Na mimi nafuga Tukuyu miaka ishirini. Zawadi ya mshindi, lita tano za maziwa, alibeba kijana wa bodaboda.

Kasoro: sakafu inateleza, na hakuna hata ndoo ya kunawia baada ya kushika mifugo. Kikombe cha chai nacho kidogo mno.

Mashine ya majani sikuiona kabisa.