Kituo cha dubu cha Zărnești, Romania: nyota tano, ila usiende kwa ajili ya picha

Mimi ni dereva na muongoza watalii, makao Arusha. Nikipata likizo sina hamu na mnyama yeyote, wala na gari lenye paa la kuinuka. Safari hii nilikwenda Romania kumwona mdogo wangu anayesomea udaktari Cluj. Yeye akapanga tushuke mpaka Brașov, akakata na tiketi za kituo cha dubu bila kuniuliza. "Kaka, wewe utanieleza wanyama, mimi nitakutafsiria Kiromania," akasema. Basi, nikaenda kwa ajili yake.

Kituo kinaitwa Libearty. Kipo nje ya Zărnești, mji mdogo ulio chini ya milima ya Piatra Craiului. Ni hekta 69 za msitu, mialoni kwa wingi, zimegawanywa kuwa nyua kubwa zenye uzio wa umeme, na ndani yake wanaishi dubu wa kahawia zaidi ya 100. Wengi wametoka vizimbani: kwenye mikahawa, hoteli, vituo vya mafuta, sarakasi, na bustani za wanyama ambazo hata jina la bustani hazikustahili. Ilikuwa biashara. Mwenye mgahawa anamweka dubu mlangoni, wapita njia wanasimama kumshangaa, wakishasimama wanaagiza bia. Na dubu naye anamiminiwa yake, watu wacheke.

Aliyeanzisha haya ni mama wa Brașov, Cristina Lapis. Shirika lao lilianza mwaka 1997, likihudumia mbwa wa mitaani. Kisha akakutana na Maya, dubu jike aliyefungiwa kwenye kizimba kichafu karibu na ngome ya Bran, kule watalii wanakofurika kwa hadithi za mnyonya damu. Kwa miaka kadhaa mama huyo alimpelekea chakula. Maya alifika mahali akaanza kujitafuna mguu, na mwaka 2002 akafa. Kituo kikafunguliwa 2005, kwa msaada wa shirika la WSPA, ambalo siku hizi ni World Animal Protection, juu ya ardhi iliyotolewa na mji wa Zărnești. Miaka miwili baadaye Romania ikaingia Umoja wa Ulaya, bustani kadhaa za miji zikashindwa masharti mapya, na dubu wao wakawa hawana pa kwenda isipokuwa hapo.

Sasa ziara yenyewe. Ni asubuhi tu, na Jumatatu wanafunga. Mchana dubu wanaachwa peke yao. Huzunguki mwenyewe, mnakwenda kwa kundi na muongozaji wa kituo, kwa saa uliyokatia tiketi. Watoto walio chini ya miaka mitano hawaruhusiwi, kwa hiyo wenye watoto wadogo wasifunge safari kabla ya kusoma masharti. Hakuna kulisha, hakuna kupiga kelele, hakuna kusogelea waya.

Kundi letu lilikuwa na watu waliokuja na gari la kampuni moja ya utalii. Nadhani walikuwa wameahidiwa dubu wa kusimama mbele ya kamera, maana ua wa kwanza tuliofika ulikuwa na miti, nyasi ndefu na kimya. Mwanamume mmoja akamwambia binti aliyekuwa akituongoza, "Mwite." Binti akajibu kwa upole kabisa kwamba hapa dubu haitwi. Hakupiga mluzi, hakugonga ndoo, hakurusha tufaha. Tukasubiri, kisha tukasogea ua wa pili.

Wenzangu wa kazi hii watanielewa. Nyumbani simba akionekana Seronera, redio inalia na dakika kumi baadaye magari yamejazana, na dereva anayebaki nyuma anajua bahshishi imepungua. Kusimama mbele ya watu waliolipa, ukawaambia mnyama akitaka atatokea na asipotaka basi, kunahitaji kifua. Yule binti alikuwa nacho. Kwa hilo peke yake ninatoa nyota tatu.

Nyota nyingine mbili ni za dubu. Ua uliofuata alikuwepo mmoja ameketi ndani ya bwawa, maji mpaka shingoni, anavuta tufaha lililokuwa likielea. Alilivuta kwa ukucha mmoja, taratibu, akalishika kwa viganja viwili na kulila lote. Kucha zake ni ndefu kama vijiti vya mishikaki na hazirudi ndani. Hilo niliweza kumwonyesha mdogo wangu kwenye tope karibu na uzio: unyayo wa dubu unaonyesha alama za kucha mbele ya vidole, na kisigino kimekanyaga chini kama cha mtu. Simba hutembea kwa vidole na kucha amezificha, ndiyo maana unyayo wake hauna alama hizo. Nimesoma nyayo maisha yangu yote ya kazi na hii ilikuwa mpya kwangu. Niliinama pale mpaka kundi likaniacha.

Mwingine alinikosesha raha. Dume kubwa, manyoya mazuri, ana mialoni pande zote, ana kivuli, ana nafasi ya kukimbia. Na bado alikuwa anatembea hatua chache, anazungusha kichwa, anageuka, hatua zile zile, anageuka. Nyasi pale zilikuwa zimekufa, imebaki njia ya udongo mtupu. Mama mmoja akacheka, akasema anacheza dansi. Muongozaji akaeleza kwamba dubu aliyekulia kwenye kizimba huendelea kutembea kipimo cha kizimba hata akishatolewa; wengine huacha baada ya muda, wengine hawaachi. Mama akanyamaza. Mimi nilihesabu hatua mpaka mdogo wangu akanivuta mkono.

Tulisimuliwa pia habari za Max, ambaye ni maarufu kuliko dubu wote waliopita hapo. Alifungwa mnyororo huko Sinaia, karibu na kasri la Peleș, ili watalii wapige naye picha. Alipookolewa alikuwa kipofu. Picha za namna hiyo ziko kwenye albamu za familia nyingi za Ulaya, na waliopiga walifikiri wamempata dubu mpole.

Wapo watakaouliza, kwa nini wasiwarudishe porini? Nami niliuliza, maana akili yangu ilikuwa Nairobi, kwa tembo yatima wa Sheldrick, ambao wananyonyeshwa kwa chupa pale kisha wakikua wanapelekwa Tsavo kujiunga na tembo wa porini. Kwa dubu hawa haiwezekani. Tembo yule anapokewa na kundi linalomfundisha. Dubu ni mnyama wa kuishi peke yake, na aliyekua kwa mkono wa mtu anajua jambo moja tu, kwamba penye watu pana chakula. Ukimwachia asubuhi, jioni yuko jikoni kwa mtu. Wengine meno yameisha kwa kutafuna vyuma. Kwa hiyo wanafanana zaidi na sokwe wa Sweetwaters kule Ol Pejeta, Kenya, ambako tangu 1993 wanatunzwa sokwe waliookolewa: ni makazi ya maisha. Hawazalishwi, maana mtoto atakayezaliwa humo naye atafia humo.

Kitu kilichonifurahisha ni habari ya usingizi. Dubu wa kahawia wa porini hulala majira ya baridi kwa miezi, hali, hanywi, hakojoi, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Wale wa vizimbani hawakuwa wakilala. Sakafu ni zege, watu wanapita, mabaki ya chakula yanarushwa mwaka mzima. Wakifika mahali penye udongo na utulivu, wapo wanaoanza kuchimba shimo na kulala, wenyewe, bila kufundishwa na yeyote. Muongozaji alituonyesha tundu chini ya mizizi, mdomo wake mdogo kuliko nilivyodhani. Mdogo wangu, daktari mtarajiwa, alimbana kwa maswali ya figo mpaka binti wa watu akaomba msamaha kwamba yeye si mganga wa mifugo.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu ukienda Romania utaipata upande wa pili pia. Usiku wetu wa kwanza Brașov simu zilipiga kelele zote mbili kwa pamoja. Nilidhani ni tetemeko. Ilikuwa Ro-Alert, mfumo wa serikali wa kutuma tahadhari: dubu ameonekana mtaani, kaeni ndani. Mama mwenye nyumba tuliyopanga hakushtuka hata kidogo. Alisema upande wa Răcădău, ambako mji unagusana na msitu, wanashuka kufukua mapipa ya taka, na yeye angependa wapunguzwe. Nchi hii ina dubu wengi kuliko nchi yoyote ya Ulaya ukiiacha Urusi. Mwaka 2016 serikali ilizuia uwindaji wa kujipatia ngozi na vichwa. Julai 2024, baada ya msichana aliyekuwa akipanda milima ya Bucegi kuuawa na dubu, bunge likapitisha dubu 481 wapigwe risasi mwaka huo. Ukitaja dubu mezani, chakula kinapoa.

Sikumbishia yule mama. Nimekaa na wakulima wa kwetu ambao tembo wamemaliza mahindi ya mwaka usiku mmoja, na najua mtu wa mjini akija na mahubiri wanamtazamaje. Lakini kwenye kituo nilimsikia mgeni akisema, nchi inaua dubu huku, kule inawalea, huu si wendawazimu? Naona amechanganya. Dubu wa Zărnești hawakuvamia mtu. Walinunuliwa au kuchukuliwa wakiwa wadogo, wakaharibiwa, na deni lao halifutwi na dubu mwingine anayefukua taka za Răcădău. Isipokuwa kwa jambo moja: hao wa mapipani, na wale wanaoombaomba biskuti kando ya barabara ya Transfăgărășan, wanaharibiwa kwa njia ile ile, na watalii wenyewe, kupitia dirisha la gari. Ukiendesha barabara hiyo, funga kioo.

Ya kujua kabla ya kwenda. Kutoka Brașov kuna treni inayokwenda Zărnești kupitia Râșnov, ya polepole na ya bei nafuu. Kituo hakipo mjini, kwa hiyo kutoka stesheni utahitaji teksi, na hapo panga bei kabla hujafungua mlango. Dereva aliyetuchukua alitutajia nauli moja wakati wa kwenda na nyingine wakati wa kurudi, kwa njia ile ile, mpaka mdogo wangu alipomgeuzia Kiromania cha hospitali na akaikumbuka ile ya kwanza. Vaa viatu vya kufunika, mvua ya milimani haitoi taarifa. Kamera ya simu itakupa waya wa uzio na kitu cha kahawia nyuma yake. Kama huna lenzi ndefu, iweke mfukoni utazame kwa macho. Tiketi ikate mapema kwenye tovuti yao, hasa kama unataka ziara ya Kiingereza wakati wa kiangazi. Pesa ya tiketi inakwenda kwenye chakula na matibabu, na ukitaka unaweza kumdhamini dubu mmoja kwa jina.

Wengi huunganisha kituo asubuhi na ngome ya Bran mchana, na inawezekana, ni jirani. Mdogo wangu aliingia ngomeni. Mimi nilibaki nje nikaagiza papanași, maandazi ya jibini yanayokaangwa na kuwekewa krimu chachu na jamu juu. Yanakuja mawili kwenye sahani moja na la pili ni la kugawana, lakini yeye alikuwa bado yuko kwenye foleni.