Uzoefu wangu: fonti ya Abyssinica SIL na kibodi ya Keyman kwa Kiamhari

Kazi yangu ni kupanga kurasa na kuchapa kadi hapa Nairobi, na wateja wangu wengi ni Waethiopia. Wananiletea menyu za mikahawa yao, kadi za harusi, matangazo ya kanisa. Kwa Kiamhari natumia fonti ya Abyssinica SIL pamoja na kibodi ya Kiamhari ya Keyman, programu ya kuandikia lugha mbalimbali kwenye kompyuta. Zote mbili ni za bure.

Sura ya herufi ni nzuri, ina mkono wa waandishi wa zamani wa Ethiopia ndani yake. Lakini ninachokithamini zaidi ni kwamba zote zinafuata Yunikodi, yaani mfumo wa kimataifa wa namba za herufi kwenye kompyuta. Maandishi ya Kiethiopia yaliingizwa humo mwaka 1999, katika toleo la 3.0, na kila herufi ikapata namba yake. ሀ ni U+1200. ሰ ni U+1230, ሱ ni U+1231, ሲ ni U+1232, na kuendelea hadi ሶ, U+1236. Kila herufi ni konsonanti pamoja na irabu yake; kila konsonanti ina safu yake, irabu zimepangwa kwa utaratibu uleule. Ukijua safu inaanzia wapi, zilizobaki unazihesabu tu.

Umuhimu wa namba hizo nauona kila ninapoletewa faili la zamani. Kabla ya Yunikodi, watengenezaji wa fonti walizikalisha herufi hizi kwenye nafasi za Kilatini. Kwa kuwa zinapita 200, nafasi hazikutosha, na fonti moja ikalazimika kugawanywa katika mafaili kadhaa. Fungua faili kama hilo kwenye kompyuta isiyo na fonti yake, na jina la bibi harusi linakuwa mabano na alama za dola. Hapo naomba nakala ya karatasi na kuchapa yote upya. Faili la Yunikodi likikosa fonti linaonyesha visanduku vitupu, basi. Weka fonti, jina linarudi lilivyokuwa.

Kuandika kwa Keyman ni kwepesi hata kwa asiyejua Kiamhari vizuri. Unabonyeza s, inatokea ስ. Unaongeza a, inageuka ሳ.

Panapohitaji umakini ni kwenye orodha za wageni. Katika Kiamhari cha leo ሠ na ሰ hutamkwa sawa, lakini kwa kompyuta ni U+1220 na U+1230, herufi mbili zisizojuana. Jina Selassie mmoja ataliandika ሥላሴ, kwa safu ya ሠ, mwingine ስላሴ, kwa safu ya ሰ. Ukitafuta la kwanza, programu nyingi hazikuletei la pili, na mgeni mmoja anahesabiwa mara mbili. Wapo wanaotamani zingeunganishwa. Mimi siafiki hata kidogo. Kigiizi, lugha ya ibada, kina tahajia yake inayozitenganisha, na mtu aliyebatizwa kwa jina lenye ሥ ana haki ya kuliona hivyo kwenye kadi yake. Namuuliza mwenye harusi, naandika anavyotaka, na ninapotafuta natafuta kwa herufi zote mbili.

Kasoro ya Abyssinica SIL ni kwamba ina unene mmoja tu. Ukiilazimisha iwe nzito, programu inatanua mistari ovyo, na kile kiduara kidogo kwenye mguu wa ሴ kinaweza kuziba. Kwa maandishi madogo msomaji hatajua ni irabu gani. Kwa vichwa vya habari nahamia Noto Serif Ethiopic, ambayo ina unene wa aina nyingi na pia ni ya bure. Maneno yenyewe siyagusi, kwa sababu namba ni zilezile.

Wanaotaka mwaliko upelekwe pia kwa meseji za kawaida za simu nawaambia mapema wafupishe. Meseji moja ya Kilatini hubeba herufi 160, ila ukitia hata herufi moja ya Kiamhari inashuka hadi 70, na ujumbe mrefu unalipiwa kama meseji mbili au tatu kwa kila mgeni.