Draisuti ya zipu ya mbele au ya mgongoni? Mie nimevaa zote mbili, haya ndo yangu

Kama wewe unapiga mbizi Mnemba kule Zanzibar na wetisuti yako (suti ya mbizi inayoingiza maji) ya milimita 3 na maji yako ya digrii 27, 28, pita tu, hii haikuhusu. Nawaandikia wale waliohamia huku kwenye baridi na mbizi imekataa kuwatoka. Mie nakaa Leicester, Uingereza, na karibu yangu kuna Stoney Cove, machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, ikifika Januari, Februari maji yanashuka mpaka digrii 5 hivi na bila draisuti hukai. Kwa asiyeijua, draisuti inakuacha mkavu kabisa, ina mpira shingoni na mikononi, buti au soksi zimeungwa humohumo, ndani unavaa nguo zako za joto, hewa unaingiza kwa valvu ya kifuani na kuitoa kwa ile ya mkono wa kushoto. Mlango wa kuingilia ni zipu isiyopitisha maji, sasa ugomvi wote ni zipu hiyo ikae wapi.

Nilianza na ya mgongoni, mtumba, ya neoprini (mpira mnene wenye povu), paundi 300, na kwa bei ile sikuwa na la kusema. Zipu inatoka bega moja mpaka la pili kwa nyuma. Kifuani hamna zipu, tumboni hamna nguo iliyojikunja, yaani inakaa mwilini vizuri sana na ukiwa majini umelala kifudifudi husikii zipu wala nini.

Tabu inaanza nchi kavu. Huwezi kujifungia mwenyewe, basi! Lazima apatikane mtu asimame nyuma yako, mkono mmoja ashike kitambaa kisikunjane, wa pili avute taratibu huku anaangalia nguo ya ndani isinase kwenye meno, afike mwisho kabisa, halafu avute tena kuhakikisha. Mtu asiyeijua anavuta mpaka pakiwa pagumu kidogo anakupiga bega anakwambia tayari. Mie nilishafungiwa hivo na mtu tuliyekutana palepale, pamebaki upenyo hata sentimita haifiki, nikateremka mpaka kwenye Stanegarth, ile tagi (meli ndogo ya kuvuta meli nyingine) ya zamani waliyoizamisha mle makusudi, na maji ya digrii 6 yakawa yananishuka uti wa mgongo kidogokidogo mpaka kiunoni. Nguo ya ndani ikilowa ndo mbizi imeisha hiyo, unapanda juu meno yanagongana. Na mie ni mwanamke jamani, kila nikitaka kwenda chooni nianze kutafuta nani anifungue, nikitoka nani anifunge, na hapo mazungumzo yote kumbe nayafanya na wanaume nisiowajua. Nilichoka.

Saivi navaa ya mbele. Zipu inaanza begani kushoto inakatiza kifua kwa mshazari, yangu inaishia karibu na nyonga ya kulia, naivuta mwenyewe na mwisho wake nauona kwa macho yangu. Juu yake kuna zipu nyingine ya kawaida ya kuikinga isikwaruzwe na mikanda. Naweza kuvaa nyumbani nusu, suspenda mabegani, nikaendesha gari, nikafika nikamalizia. Choo siombi ruhusa ya mtu.

Ila msidanganywe kwamba haina kasoro, inazo. Ili uweze kuingia kwa mbele inabidi kiwiliwili kiwe kirefu kuliko wewe, kile kirefu kinakunjwa kiunoni na kushikizwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, na mkanda ule ukiwa umelegea suti inapanda, ukibana sana ukichuchumaa utajua. Mwezi wa kwanza nilikuwa naurekebisha kila siku. Halafu bei, mpya hizi nyingi zinavuka paundi 1,000 kirahisi, na zipu yenyewe ni ndefu, kwahiyo siku ikifa kuibadilisha ni pesa. Ulizeni bei ya kubadilisha zipu kabla ya kununua suti, wauzaji wenyewe hawaanzi kukutajia.

Mabega nayo muhimu. Kwenye ya mgongoni, hasa zipu ya shaba, ule ugumu uko palepale unapotaka kupeleka mkono nyuma kufika valvu za mitungi, mie nilikuwa nafika ya kulia kwa shida na ya kushoto kwa dua. Kwa ya mbele nafika zote. Joto? Hakuna tofauti yoyote, joto linatunzwa na nguo za ndani, na neoprini yenyewe kama suti ni ya neoprini, zipu haihusiki, anayekwambia vingine anauza.

Kwahiyo ukiuliza mie, kama unapiga mbizi na watu wanaobadilika kila wiki chukua ya mbele hata kama utangoja uzichange. Lakini kama una mwenza wako yuleyule siku zote, mume, kaka, rafiki anayejua kufunga, na mfuko mwembamba, ya mgongoni utazamia nayo miaka na hutoijutia. Yangu ya zamani nimemuuzia dada mmoja anayezamia na mumewe, hana malalamiko hata moja.

Dukani jaribu ukiwa na nguo nene kabisa za ndani, chuchumaa, kumbatia mabega yako, peleka mikono nyuma ya shingo. Zipu ya shaba pakeni nta ya nyuki au nta ya parafini (ile ya mishumaa, siyo mafuta ya taa) na msiikunje kwa nguvu mkiiweka, ya plastiki grisi yake kidogo pale mwisho inapofungia tu. Na dada zangu wenye misuko, vaeni soksi ya nailoni kichwani kabla ya kupitisha mpira wa shingoni, na poda isiyo na manukato, maana ule mpira wa lateksi unachanika kwa herini moja tu na hakuna zipu ya mbele wala ya nyuma itakayokusaidia hapo.