Ryzen 5 5600G au Core i3-12100F kwa ukumbi wa gemu?

Ukumbi wa gemu huwasha mashine nyingi kutwa nzima, kwa hiyo kila wati unayookoa kwenye prosesa moja, yaani ubongo wa kompyuta, unaiokoa kwenye zote. Hapo ndipo prosesa ya Ryzen 5 5600G inaponivutia. Ina kori 6 (vitengo vya kuchakata kazi), imekadiriwa wati 65, na inatoa picha kwenye skrini yenyewe bila kadi ya picha ya ziada. Gemu kama Valorant na League of Legends inazimudu vizuri. Ila weka vijiti viwili vya memori (RAM) vya GB 8, usiweke kimoja cha GB 16: picha zake hutegemea sana kasi ya memori, na kwa kijiti kimoja gemu huanza kukwamakwama.

Prosesa ya Core i3-12100F ina kori 4, wati 58 za kawaida na hadi 89 ikikazwa. Haina picha zake. Bila kadi, skrini haionyeshi kitu, na mara nyingi kadi hiyo hula umeme kuliko prosesa yenyewe. Lakini kwa gemu nzito, i3 yenye kadi ya wastani inaiacha 5600G mbali.

Ningejaza ukumbi kwa 5600G, kisha nitenge mashine chache za i3 kwa wapenzi wa gemu kubwa.