Skana ya filamu na programu ya kulipia: je, gharama yake inarudi? Uzoefu wangu Tanga

Kwa mpiga picha aliyejiajiri mjini Tanga, ambaye sehemu kubwa ya kipato chake bado inatokana na harusi, mahafali na picha za pasipoti, suala la kununua vifaa vya kuskani filamu haliamuliwi na ubora wa vifaa peke yake, bali na daftari la mapato. Ninatumia skana ya mezani ya Epson Perfection V600 pamoja na programu ya VueScan, toleo la Professional linaloruhusu kuskani filamu, kwa ajili ya familia za Ngamiani na Chumbageni zinazoniletea negativu (vipande vya filamu vyenye picha iliyogeuzwa rangi) zilizokaa kabatini tangu miaka ya 1970 na 1980.

Tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi isimtie mtu tamaa. Skana hii inatangazwa kufikia nukta 6,400 kwa inchi, lakini ukishavuka nusu ya kiwango hicho, kinachoongezeka ni ukubwa wa faili, wala si maelezo ya picha. Negativu ya milimita 35 iliyoskaniwa kwa nukta 2,400 hutoa pikseli zinazokaribia milioni 8, nazo zinatosha kuchapa picha ya inchi 8 kwa 10, ambayo ndiyo wateja wangu wengi huitundika sebuleni. Nikipanda hadi nukta 3,200 kwa biti 48 (kina cha rangi cha kila pikseli), faili moja hufika megabaiti 80 hivi, na diski za nje nazo hazigawiwi bure.

Kinachorudisha pesa kwa kweli ni mwanga wa infraredi. Skana huimulika filamu mara ya pili kwa mwanga huo usioonekana; filamu ya rangi huupitisha, ilhali vumbi na mikwaruzo huuzuia, hivyo programu hupata ramani kamili ya uchafu na kuyaziba madoa kwa kutumia pikseli za jirani. Negativu moja ya harusi niliyoletewa kutoka Raskazone ilikuwa na mkwaruzo mrefu uliokatiza shela ya bibi harusi hadi begani kwa bwana harusi, na pembeni yake vidoa vya kuvu vilivyotapakaa kama punje za mtama. Mkwaruzo na vumbi vilitoweka vyenyewe, lakini pale ambapo kuvu ilikuwa imekwisha kula tabaka la picha palibaki mabaka ambayo ilinibidi kuyaziba kwa mkono. Hata hivyo, kazi ambayo ingenichukua sehemu kubwa ya asubuhi iliisha kabla chai haijapoa. Kwa unyevu wa pwani yetu, negativu zinazofika zikiwa safi ni chache mno, na ndiyo maana kipengele hiki kina thamani kubwa zaidi hapa kuliko mahali pakavu.

Kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, infraredi haisaidii kitu, kwa sababu picha yenyewe imeundwa kwa chembe za fedha, nazo huuzuia mwanga huo sawasawa na vumbi. Programu itaiona picha yote kuwa ni uchafu. (Ziko filamu chache za nyeusi na nyeupe, kama Ilford XP2, ambazo husafishwa kwa dawa za filamu ya rangi na hivyo zinakubali, lakini sijapata kuziona kwenye makabati ya huku.) Mwenye wateja wa picha za zamani sana asikubali kuuziwa skana kwa sifa hii.

Kuhusu programu, wengi huniuliza kwa nini sikuchukua SilverFast. Ni programu nzuri, na jinsi inavyogeuza rangi za negativu inapendeza, lakini leseni yake kwa desturi hufungwa kwenye aina moja ya skana, na mtu anayenunua vifaa vilivyotumika, kama wengi wetu, hajui kesho atakuwa na skana gani. VueScan hufanya kazi na skana nyingi mno, hata zile zilizokwisha kutelekezwa na watengenezaji wake, na unaweza kuijaribu kabla ya kulipa, ingawa picha hutoka zimepigwa alama. Tena huhifadhi faili ghafi pamoja na data ya infraredi, kwa hiyo ninaskani mara moja na kurekebisha rangi baadaye bila kuigusa tena negativu. Mwonekano wake, nikiri, ni wa kizamani na unachosha.

Mwenye kamera nzuri na lenzi ya makro anaweza kuzipiga picha negativu juu ya meza ya mwanga, tena kwa kasi kubwa kuliko skana, lakini atakosa infraredi na jioni nzima ataimaliza akifuta vumbi. Umeme nao uhesabiwe: ukikatika katikati ya fremu, kompyuta mpakato huendelea ila skana huzima, na fremu huanza upya, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) ni sehemu ya bei.

Leseni ilijilipa kwa kazi ya familia moja iliyokuwa na negativu za rangi zaidi ya 300, kwa shilingi 1,500 kila moja. Negativu za nyeusi na nyeupe ninazitoza shilingi 3,000, na karibu kila mteja hulalamika kwamba picha isiyo na rangi inawezaje kuwa ghali kuliko yenye rangi, mpaka nimwoneshe kwenye kioo cha kompyuta vumbi ninalolifuta doa kwa doa.